Daktari wa Tope la Juani

Tulimwita Daktari, na miaka ya mwanzo jina hilo lilimletea taabu. Huku Juani mgonjwa akizidiwa huvushwa kwa boti mpaka Utende, kisha atafutiwe gari la kumfikisha Kilindoni. Kwa hiyo ilipoenea habari kwamba kuna daktari mwanamke anayekuja kila bamvua, siku za maji makubwa, na masanduku yake, watu walianza kumfuata na vikohozi na vidonda vyao. Yeye aliwaonyesha mikono iliyojaa tope mpaka viwikoni.

"Mimi natibu hili tu," aliwaambia. "Na bado halijapona."

Siku moja mwanamke alimletea mtoto aliyekakamaa kwa homa. Daktari alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kushindilia bomba lake kwenye tope la mikokoni, kazi iliyomchukua asubuhi nzima. Aliliacha pale pale limesimama, akampakia mama na mwanawe botini, akavuka nao. Na lazima niseme hapa kwamba Daktari aliogopa bahari. Hakujua kuogelea. Boti ikianza tu kuyumba, yeye alikuwa ameinamia ubavuni anatapika. Siku ile alitapika njia nzima huku kamshika yule mtoto mapajani, na mama wa mtoto akawa hajui amlilie nani. Mtoto alipona. Bomba lilimezwa na maji yalipojaa, halikuonekana tena. Nilipompa pole alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Bomba linanunuliwa," alisema.

Mimi nilimfahamu kwa sababu nilimfanyia kazi. Kabla yake nilikuwa nalima mwani kama wanawake wengi wa kitongoji chetu, mpaka mwani ulipoanza kuwa mweupe na kukatika mikononi tukiuvuna. Daktari alitafuta mtu wa kumsaidia kuosha tope. Alinikuta nimekaa ufukweni na kamba zangu tupu za mwani, akaniuliza kama nina subira. Nilimjibu kwamba sina kitu kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bomba lilishindiliwa ardhini, likatolewa na tope ndani yake kama mkate wa boflo, la juu likiwa jipya na la chini la zamani sana. Tope lile lilikatwa vipande, kila kipande kikaoshwa kwenye chekeche ambazo matundu yake jicho halikuyaona. Tope lilikwenda na maji. Kilichobaki kilikuwa kidogo, kama chumvi iliyosahauliwa chini ya kopo, na hicho ndicho alichokitaka. Alikikausha, akakimwaga kwenye kisahani cheusi, akakiweka chini ya chombo chake. Sisi tulikiita darubini. Kila tulipokiita hivyo alitusahihisha: "Hadubini. Darubini ni ya kutazamia mbali." Alisahihisha hata wazee, hata mbele za watu, na wengine hawakumsamehe.

Nilipotazama mara ya kwanza nilidhani ananitania. Zile chembe zilikuwa maganda. Mengine yalijikunja kama konokono, mengine yalikuwa na vyumba vilivyopangana kama madafu kwenye shada, mengine bapa na yanang'aa kama kifungo cha shati la Idi. Jina lao la kisomi ni foraminifera, lakini alituambia tuwaite visimbi. Kila ganda liliwahi kuwa nyumba ya kiumbe, alisema, na kila kiumbe kina mahali pake. Wako wanaoishi katika tope la mikoko tu, hao hujijengea kwa chembe za mchanga wanazozigandisha. Wako wa kwenye miamba ya matumbawe, wenye maganda meupe ya chokaa. Ukijua nani aliishi kwenye kipande gani cha tope, unajua bahari ilikuwa wapi wakati huo. Na chokaa ya ganda hubaki na alama ya joto la maji yaliyolijenga. Maganda hayo aliyapeleka kupimwa mbali, majibu yalikawia, na alipoyapata alishinda siku nzima akiyasoma upya.

Mume wangu alikuwa ustadhi wa madrasa ya kitongoji. Yeye naye alitazama, akasema "Subhanallah", akatazama tena mpaka Daktari akamwambia amwachie kiti. Walipendana wale wawili kwa namna ya watu wanaobishana. Mume wangu alimwambia kwamba anajua mambo ya walimwengu waliokufa kuliko ya jirani yake. Daktari alimjibu kwamba waliokufa hawasemi uongo. Kuhusu sala alikuwa wa kuchelewa. Adhuhuri ilimkuta na kibano mkononi, akaiswali karibu na alasiri, na mume wangu akamngojea mlangoni kumtazama tu, bila neno. Lakini Ramadhani alifunga hata alipokuwa mgonjwa, hata tulipomsihi.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake hivyo. Alizaliwa kisiwani na hakula samaki. Watalii walivushwa kuja kutazama magofu ya Kua, wakayapiga picha. Yeye aliyapita bila kugeuza shingo, akaenda kuzama kwenye tope mpaka magotini. Alikuwa mkali kwa sahani iliyowekwa vibaya, akakufokea mpaka machozi yakulengelenge, kisha jioni akakuletea mchele, akauweka mlangoni na kuondoka kabla hujashukuru. Umbea hakuuvumilia. Ukimwambia fulani kafanya hivi, alikuuliza, "Umechekecha?" Ukisema umesikia tu, alirudi kwenye kazi yake.

Msibani hakukaa mkekani na wenzake. Maneno ya kufariji hakuyaweza. Nilimsikia mara moja akijaribu, yakamkwama. Alikwenda uani, akapandisha gauni, akaosha masufuria mpaka watu wakatawanyika. Wengine walisema ana kiburi. Mimi niliyekaa naye nilijua kwamba hakuwa na uwezo wa kumwambia mtu jambo ambalo halikuwa kweli, na msibani mengi tunayoambiana tunaambiana ili kupita siku.

Ukweli wake uliwaumiza wanawake wa mwani. Walimwita siku moja, wakaketi naye kwenye banda tulilokuwa tunakaushia, ambalo sasa lilikuwa tupu. Mkubwa wao alimuuliza bila kuzunguka.

"Daktari, wewe unayaona ya chini. Mwani wetu utarudi?"

"Hapa kwenye maji mafupi, hautarudi."

"Hata tukibadilisha mbegu?"

"Jaribuni. Lakini nimewafuata visimbi kutoka tope la chini mpaka la juu. Joto linalowaua hawa wa juu, wale wa chini hawakulijua. Maji haya siyo yale mliyoanza nayo."

"Sasa tule nini?"

"Sijui," alisema. "Hilo silijui."

Wengine walilia. Mmoja alitema mate chini, akasema mwanamke huyu tangu aje ameleta nuksi, anachimba asichokizika. Daktari alisimama pale akayasikia yote. Baadaye, tukiosha tope, nilimuuliza kwa nini hakuwaambia angalau huenda.

"Wangefunga kamba upya," alisema. "Wangeshinda majini msimu mzima kwa ajili ya huenda yangu."

Hayo yote yalikuwa kabla ya jambo la madrasa.

Madrasa ya zamani ilikuwa ya makuti na ilikuwa inaanguka. Mzee mmoja kabla ya kufa alitoa wakfu kiwanja chake cha bondeni, nyuma ya mikoko, ijengwe ya matofali. Kitongoji kizima kilifurahi. Kwa bahati mbaya, Daktari alikuwa amechimba palepale. Alikuja kwenye kikao cha kamati bila kuitwa, kabeba bomba lililopasuliwa katikati, akaliweka juu ya mkeka mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mume wangu. Sisi wanawake tulikuwa kando. Tope ndani yake lilikuwa jeusi, kisha mchanga mweupe upana wa kiganja, kisha jeusi tena.

"Msijenge hapa," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Huu mweupe nimeuosha. Umejaa visimbi vya kwenye mwamba, vya nje kabisa. Vimefikaje bondeni? Bahari iliingia hapa, ikamwaga mchanga, ikaondoka. Haikuja polepole. Ilikuja kwa siku moja."

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya babu wa babu zenu."

Watu walipumua. Mmoja alicheka kidogo.

"Na itarudi lini?" aliuliza mwenyekiti.

"Sijui siku."

Mume wangu ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa upole. "Basi Daktari, siku anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Kiwanja hiki ni wakfu. Aliyekitoa yuko kaburini, hatuwezi kumrudishia. Kingine hatuna."

"Kule juu kwenye minazi kuna ardhi."

"Ya watu."

"Waombeni."

Ile minazi ilikuwa ya watu waliokuwa wamekaa palepale mkekani, na sehemu yake moja ilikuwa yetu, urithi wa mama mkwe wangu, ndiyo iliyokuwa inatulisha tangu mwani ufe.

Madrasa ilijengwa bondeni. Wakati wa kuezeka, bati hazikutosha, na aliyeleta zilizopungua alikuwa Daktari. Zilishushwa kutoka botini naye mwenyewe kasimama juani anazihesabu kwa kidole. Nilimuuliza moyo wake unasemaje.

"Mmeshaamua kuwaweka watoto pale," alisema. "Mvua isiwanyeshee tena juu yake."

Miaka ikapita, bahari ikabaki ilipo, na watu wakamtania. Watoto wa madrasa walimwita Bibi Mafuriko, naye aliitika. Alizoea kupita pale baada ya kazi kunywa maji, na mama mkwe wangu, aliyejengewa chumba cha kuishi pembeni mwa madrasa ili awe karibu na mwanawe, alimpa kiti. Walikaa wale wawili wakisikiliza watoto wakisoma. Sikumwona Daktari ametulia mahali pengine popote kama pale.

Kimbunga kilipokuja tulikuwa tumetangaziwa. Redio ilisema, simu zilipokea ujumbe. Lakini sisi vimbunga tulivisikia vikipita mbali, na wengi wetu tulifunga madirisha tu. Kilikuja siku ya bamvua, upepo ukazidi tangu asubuhi, na alasiri maji yalikuwa yanajaa. Watoto hawakuwa madrasa. Mume wangu alikuwa amewafukuza mapema waende makwao. Aliporudi nyumbani kwetu, huku juu kidogo, alikuwa amembeba mama yake mgongoni. Wote wawili walikuwa wameloa chapachapa. Alimweka kitandani, na mama yake, akitetemeka, akasema neno moja ambalo hajajisamehe mpaka leo.

"Misahafu itaroa, mwanangu."

"Nakwenda," alisema mume wangu. "Ni pale tu."

Nilimshika shati. Alinitoa mkono taratibu, akaniambia niwatazame watoto. Kisha akashuka.

Sikuiona bahari ikiingia. Nilisikia minazi, nikasikia bati, kisha sauti nyingine chini ya hizo, nzito, kama gari kubwa linaloburuzwa, na katika kisiwa chetu hakuna gari kubwa. Kulipotulia, kesho yake, bonde lilikuwa jeupe. Mchanga ulikuwa umelala kila mahali, laini, kama ufukwe uliohamishwa. Madrasa ilisimama bila paa. Walimkuta mume wangu darasani, pembeni, chini ya mchanga. Misahafu alikuwa ameifunga kwenye kanzu yake na kuiweka kwenye shubaka la juu ukutani. Haikuwa imeloa sana.

Daktari alifika siku boti zilipoanza kuvuka tena. Alikwenda uani kwangu akaosha masufuria ya matanga yote, asubuhi na jioni, na mikono yake ilichubuka kwa majivu. Watu walimtazama kwa jicho la ajabu. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba alisema kweli, na yeye hakumkumbusha mtu.

Kisha matanga yalipoondolewa, niliteremka bondeni peke yangu. Nilitaka kukaa darasani kidogo kabla halijasafishwa. Nilimkuta humo. Alikuwa amepiga magoti pembeni, palepale walipomtoa, anashindilia bomba kwenye mchanga.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nachukua kabla mvua haijauvuruga."

"Mume wangu alikuwa hapo."

"Najua." Hakunitazama. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Sikumtuma mtu."

"Toka."

"Nikiupata huu mpya nitaufananisha na ule wa zamani. Nitajua ule ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mama Rukia, hakuna namna nyingine ya kujua."

"Toka, Daktari!"

Sauti yangu iliwaleta wanawake. Walipoona bomba na mahali lilipo, yaliyotoka midomoni mwao siwezi kuyaandika. Mmoja alimtupia konzi ya mchanga usoni. Daktari alilivuta bomba, akaliziba juu na chini, akalikumbatia kifuani kama anayebeba kitoto, akapita katikati yao. Jicho lake moja lilikuwa limejaa mchanga na hakulifuta. Hakurudi tena Juani.

Nilimchukia. Nilimchukia kwa nguvu kuliko nilivyoichukia bahari, kwa sababu bahari haikuwahi kuniletea mchele.

Ilipita miaka kabla sijamwona tena. Kamati ilitaka kuijenga upya madrasa, bondeni, juu ya msingi uleule, na kuipa jina la mume wangu. Walikuja kuniomba ridhaa. Niliwaambia wanipe muda, nikapanda boti kumfuata Daktari Utende.

Alikuwa anaishi chumba cha nyuma kwa jamaa zake. Kisukari kilikuwa kimemkata mguu mmoja, na wa pili ulikuwa umevimba. Mabomba yake yalipangwa chini ya kitanda na kando ya ukuta, yamefungwa nailoni. Kulikuwa na harufu ya dawa na ya mikoko.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mama Rukia." Alinionyesha kiti. "Kaa. Mimi siwezi kukupisha."

Nilimweleza habari ya kamati. Nilimwomba aje aseme tena, kwamba safari hii watamsikia.

"Siji," alisema. "Mimi nilishasema. Nikisema tena watakumbuka bomba. Sauti yangu sasa wanaisikia inanuka maiti, na hawakosei. Waambie wewe."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ile ya zamani ilikuwa kubwa zaidi. Nimezipima pamoja. Mchanga wake mnene, na umepanda mpaka kwenye nyumba yako. Hii yenu ilikuwa ndogo."

"Hii iliyomuua ilikuwa ndogo?"

"Ndogo."

Hakulainisha. Nililia, naye akaniacha nilie, akitazama mikono yake. Nilipotulia nilimuuliza lile lililonivusha hasa. Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kula vizuri. Kila siku, akimaliza sala, aliniuliza kama mwanawe aliteseka, kama aliita, kama alikaa mle ndani muda mrefu akimngojea mtu.

"Wewe unao mchanga wa pale," nilimwambia Daktari. "Uliniambia mchanga unasema. Na huo ulikuambia nini?"

Bomba lenyewe lilikuwa mezani, limepasuliwa, lipo kati yetu. Sidhani alikumbuka kwamba lipo. Mimi nilikuwa nimeosha tope lake miaka mingi, na kwa hilo sikuhitaji hadubini. Bahari ikiingia humwaga kwanza kilicho kizito. Ikitulia huachia kilicho chepesi, na chepesi hushuka polepole. Pale palikuwa na vipande vya matumbawe chini, kisha mchanga laini, kisha ukanda mwembamba mweusi wa tope lililopata wasaa wa kutua. Kisha vipande vya matumbawe tena, mchanga laini, tope. Kisha mara ya tatu. Maji yaliingia, yakatulia. Yakaingia, yakatulia. Alikuwa mle ndani muda wote huo, na alipata nafasi ya kuifunga misahafu na kuipandisha juu.

Daktari aliona macho yangu yalipo. Alivuta kanga mabegani mwake, akaitandaza juu ya bomba.

"Mara moja," alisema. "Maji yaliingia mara moja. Hakujua kitu."

Sauti yake ilikuwa ileile aliyowaambia nayo wanawake wa mwani kwamba hautarudi. Lakini mkono wake haukutoka juu ya kanga. Niliuwekea mkono wangu juu, tukakaa hivyo mpaka nikasikia boti inanguruma kuita watu wa Juani.

Niliwaambia kamati. Niliwapa sehemu ya minazi yetu, huko juu, na madrasa sasa iko huko. Watoto wanalalamika kwamba ni mbali. Daktari alifariki kabla ya msingi kuchimbwa. Sikuyawahi maziko yake, boti hazikuvuka siku ile.

Lakini siku ile niliyotoka Utende, mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni ananingojea. Hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Kasemaje?"

"Kasema ilikuwa mara moja, mama. Hakujua kitu."

"Kasema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi ni kweli," alisema. "Yule hawezi kusema uongo."

Akauliza kama kuna chakula.